Busu kwenye Kadi ya Marchbanks

Kitu cha kwanza nilichokigundua ni kwamba yule bwana wa mnada alitoa pole kwa picha.

Alikuwa amefuta viatu vizuri mlangoni, akanikabidhi koti lake na kikapu cha mapeasi kilichofungwa utepe, akapita sebuleni. Bi Otylia alikuwa kwenye kiti chake karibu na redio, masanduku manne ya sigara yamepangwa miguuni pake. Yule bwana akampa ncha za vidole, kisha akainua macho ukutani, pale ilipotundikwa picha ya mume wa bibi, marehemu mzee Stefan, na kodiani yake kifuani, akasema kwa sauti ya kanisani kwamba ni msiba mkubwa kumpoteza mtu aliyeipenda besiboli kiasi hicho.

Mzee Stefan hakuipenda besiboli. Akiwa na miaka sitini na miwili aliwahi kuuliza kwa nini yule mwenye gongo hapewi tu mpira wake aende nao nyumbani. Alichopenda ni kodiani, njiwa na soseji. Nikamtazama Bi Otylia nione atasema nini. Aliinamisha macho, akaanza kuchezea kifungo cha sweta, na hapo nikajua mambo ya yule bwana yameharibika. Bi Otylia akiongea sana hana neno. Akinyamaza, kaa mbali.

Nilikuwa na mwaka wa tatu nikimtunza katika nyumba ile iliyo juu ya mto Monongahela, mahali ambapo kila barabara ni mlima na kila bibi ana goti bovu. Shule niliiacha darasa la nne, maana nyumbani tulifuata mavuno ya matufaa jimbo hadi jimbo, na nilipofika kwake nilikuwa nasoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Yeye ndiye aliyenivusha. Kitabu chetu kilikuwa migongo ya kadi zilizojaa mle masandukuni, kila moja na picha ya mchezaji wa besiboli: jina la mchezaji, mji aliozaliwa, anatupa kwa mkono gani, anapiga kwa mkono gani. Nilijifunza kulia na kushoto za watu waliokufa kabla mimi sijazaliwa.

Kadi zilikuwa zake. Tangu akiwa na miaka tisa mpaka kumi na mitatu aliokota chupa tupu kando ya reli, akazirudisha dukani, na zile senti akanunulia pakiti za kadi zenye kipande cha ubani wa kutafuna ndani. Nusu nyingine ya kadi alizipata kwa kuwashinda wavulana nyuma ya kanisa la Waslovaki. Mnarusha kadi ukutani, na yule ambaye kadi yake imeanguka karibu zaidi na ukuta anazoa zote. Alikuwa na mkono mwepesi. Kadi nyingi mle masandukuni, kwa kweli, zilikuwa mateka wa vita.

Lakini mji mzima uliziita kadi za Stefan. Gerald, mpwa wa marehemu, anayeuza bima na hana ubaya wowote isipokuwa haulizi kitu, ndiye aliyeziandikia barua nyumba tatu za mnada kwamba mjomba wake ameacha hazina na mjane anataka kuuza. Kuuza alitaka kweli. Nikamwambia basi amwambie Gerald kwamba ni zake.

"Nimeshasema," akanijibu. "Nilisema nina miaka kumi, wavulana wakasema nimemwibia kaka yangu. Sina kaka, Neva. Nilisema siku ya harusi, shemeji zangu wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na bia. Gerald nilimwambia mwenyewe, akanipigapiga begani kama farasi. Sisemi tena. Safari hii nataka mtu mmoja aone kwa akili yake, aniulize. Nyumba itakayoniuliza ndiyo itakayouza, na itaandika jina langu kwenye katalogi yake."

"Na wasipouliza?"

"Nitazikwa nazo."

Hakuwa akitania. Alikuwa ameshampigia simu mwenye duka la majeneza kuuliza kama masanduku manne ya sigara yataenea, mawili kila upande wa miguu. Yule mtu akauliza kama anaumwa. Akamwambia hapana, anajipanga tu.

Kisha akanionya nisitie mdomo wangu. Alikuwa anajisumbua. Mimi hata kwa muuza mkate huonyesha kwa kidole.

Basi huyu wa kwanza, Bwana Whitlock wa kutoka Boston, alikaa akaanza kuahidi. Hatakata hata senti ya ada upande wa muuzaji. Ataziweka kadi kwenye jalada la katalogi. Atatoa sehemu ya fedha mapema, hata kesho. Wakati huo wote redio ilikuwa ikitangaza mechi ya Pittsburgh, kipindi cha nane, na Bi Otylia akinung'unika kwamba mtupaji amechoka, bega limeshuka, kwa nini hawamtoi. Bwana Whitlock akatabasamu, akaomba redio izimwe, ili tumpe marehemu heshima yake. Ikazimwa. Alipoondoka tukaiwasha tukakuta mtupaji ametandikwa na mechi imekwisha.

Kabla hajatoka alisema ni wazi kwamba marehemu alikuwa na jicho.

"Alikuwa nayo mawili," akasema Bi Otylia, "ila moja lilikuwa na kengeza."

Mapeasi tulikula.

Wa pili alikuja wiki iliyofuata, kutoka Florida. Jina lake Rademaker, meno meupe, ngozi ya mtu anayelala juani kwa makusudi. Huyu angalau alizishika kadi. Alizilaza chini ya taa, akazigeuza, akazinusa, akahesabu kona zilizochakaa kwa kucha ya kidole kidogo. Katika sanduku la tatu akampata Tully Marchbanks.

Marchbanks alikuwa mdaka mpira wa kawaida tu, mwenye masikio makubwa. Lakini kadi yake ilitolewa mwisho wa kiangazi, watoto wakiwa wameshaacha besiboli na kuhamia michezo mingine, na pakiti nyingi zilizobaki madukani zikatupwa. Ndiyo maana leo watu wazima wanaitafuta mpaka chini ya mazulia ya bibi zao. Ya Bi Otylia ilikuwa na kona kali kama imetoka kiwandani leo asubuhi. Ila shavuni pa Marchbanks palikuwa na midomo miwili myekundu, midogo, imebanwa sawasawa.

Bwana Rademaker aliguna kama mtu aliyekanyaga msumari. Akafungua mkoba wake, akatoa soksi ndefu ya kike, ya nailoni, rangi ya kahawia.

"Mwenye hiyo soksi anajua iko wapi?" akauliza Bi Otylia.

Akacheka, akaeleza. Pakiti za zamani zilizibwa kwa nta, nta iliacha madoa kwenye kadi, na nailoni ikisuguliwa polepole huyatoa. Wengi katika biashara hii wanafanya hivyo na hawasemi. Rangi ya mdomo nayo ina nta. Dakika tano tu, na kampuni inayozipima kadi na kuzifunga kwenye plastiki haitajua, wala mnunuzi hana haja ya kujua. Akakonyeza. Bila shaka, akasema, kuna binti alikuwa akimchokoza mzee enzi hizo.

"Bila shaka," akasema Bi Otylia. "Mabinti wa zamani hawakuwa na haya."

Akanyoosha mkono akaichukua kadi kabla soksi haijaifikia. Aliishika kwa kingo, kwa kidole gumba na cha kati, kama alivyonifundisha mimi, kama anavyoshika mtu aliyeshika kadi maisha yake yote. Bwana Rademaker aliutazama mkono ule na hakuona kitu. Akaondoka na ahadi kubwa kuliko za Boston, na soksi akaisahau kwenye mkono wa kiti.

Bi Otylia akaniambia niitie kwenye bahasha, niitume kwa posta, nyumbani kwa yule bwana na si ofisini, na nje niandike jina la Bibi Rademaker. Bahasha ile niliiandika mimi, kwa herufi kubwa, na haikuwa na kosa hata moja.

Tulicheka sana. Lakini mechi ilipoanza hakuwasha redio. Nilipoleta supu nilimkuta amechukua utepe wa kushonea, anapima sanduku moja la sigara, urefu na upana, na anaandika namba kwenye ukingo wa gazeti. Hakuinua kichwa. Nilirudi jikoni nikasimama tu. Ilikuwa imebaki nyumba moja.

Wa tatu alikuja Alhamisi na gari la mizigo lenye matope. Bwana Orrin Huddle, kutoka Ohio, mtu mnene aliyenadi ng'ombe na matrekta miaka ishirini kabla ya kuingia kwenye kadi, na nyumba yake ya mnada ilikuwa bado katika ghala la zamani la vyakula vya mifugo. Alipopanda ngazi hadi barazani ilimbidi apumzike. Miwani ilikuwa mfukoni mwa shati. Akiwa anahema aliangalia ng'ambo ya bonde, juu ya mapaa yote, penye tangi la maji la mlima wa pili, akaniuliza Danuta ni nani na kama mwishowe aliolewa na huyo Ray.

Nikageuka. Miaka mitatu nilikuwa nikiliona lile tangi kila siku. Nilijua kuna mtu kaandika kwa rangi kwamba Ray anampenda fulani, lakini jina la pili kwangu lilikuwa ukungu tu.

Nikatikisa kichwa kwamba sijui. Akasema atatumaini mema. Kisha akaniuliza mimi naitwa nani. Nikamwambia Neva. Akasema, "Haya, Neva, koti langu linanuka ng'ombe, acha nilitundike mwenyewe."

Ndani hakuitazama picha ya mzee Stefan wala hakuikwepa. Aliipita kama tunavyopita kabati. Alimwamkia Bi Otylia, akakaa, akaweka mezani karatasi zake na miwani yake kando ya kikombe cha bibi, kisha akasimama tena. Akasema hagusi kitu cha mtu kabla hajanawa. Maji yako wapi?

Bomba lilikuwa mwisho wa ukumbi mwembamba, na ukutani mwa ukumbi, mbele ya macho ya kila anayepita, palitundikwa kalenda ya zimamoto.

Nikasema, "Subiri kidogo, taulo limechafuka nibadilishe." Hayo yalikuwa maneno marefu kuliko yote niliyowahi kumwambia mgeni katika nyumba ile, na yalikuwa ya uongo.

Nilikimbia kwa ncha za vidole mpaka chumbani kwa Bi Otylia. Juu ya kabati la nguo kulikuwa na picha ambayo hakuna mgeni aliyewahi kuiona. Msichana wa miaka kumi na miwili, kofia imegeuzwa nyuma, kidonda gotini, shavu moja limevimba kwa ubani, na mkononi amekunjua kadi kama tausi anavyokunjua mkia. Anaitazama kamera kama anaidai. Nikaing'oa kalenda, nikaitundika picha kwenye msumari uleule, nikatoka na taulo safi mkononi.

Bwana Huddle akaenda kunawa. Alikaa huko kama anavyokaa mtu anayenawa kweli.

Mezani Bi Otylia alikuwa ameiokota miwani na kuivaa. Aliangalia redio, akaangalia dirisha, akaniangalia mimi.

"Umekuwa uji," akaniambia. "Mtu huyu ni kipofu. Bila hii haoni hata ukuta. Hata Ohio alitokaje?"

Akairudisha haraka, maana hatua zilikuwa zinakuja.

Bwana Huddle akavaa miwani, akafungua sanduku la kwanza. Hakuahidi kitu. Alizipitia kadi moja moja bila haraka, akisema hii nzuri, hii imelowa siku moja, hii ilipigwa ukutani sana. Redio ilikuwa ikiendelea kwa sauti ya chini. Alipofika kwa Marchbanks hakuguna. Aliishika muda mrefu. Akamtazama Bi Otylia, hasa mdomo wake.

"Mama," akasema, "ulikuwa na miaka mingapi ulipombusu huyu?"

Bi Otylia alinyoosha mkono akaizima redio. Mechi ilikuwa inaendelea, na sijawahi kumwona akifanya hivyo kwa hiari yake, si kabla wala baadaye.

"Kumi na miwili na miezi mitatu," akasema. "Rangi ilikuwa ya dada yangu. Nilichapwa kwa ajili ya rangi. La busu hawakujua."

"Alistahili?"

"Mwaka ule, ndiyo. Mwaka uliofuata alidondosha kila kitu, nikajuta."

Basi hapo wakafunguka. Akamweleza habari za chupa, za ukuta wa kanisa, na jinsi alivyokuwa akilamba sukari yote ya ubani kisha akawauzia wavulana uliobaki. Bwana Huddle alicheka mpaka kiti kikalia. Halafu akasema mambo yake bila kuyapaka mafuta. Busu litabaki. Kampuni ya kupima itampa Marchbanks namba ya chini kabisa, na bei itaanguka sana ukiilinganisha na kadi safi, na yeye hatamficha mnunuzi yeyote. Jalada la katalogi hawezi kumpa, limeshaahidiwa gongo la mtu. Jina lake ataliandika, kwa sababu ndilo jina la mwenye mali, angeandika la nani tena?

Bi Otylia akamuuliza amejuaje.

Bwana Huddle akainua kikombe chake cha kahawa, akanitazama mimi juu ya ukingo wake, muda mfupi tu. "Nimeona tu, mama," akasema. Akatoka kwenda garini kuleta mkataba.

Bi Otylia akasimama, akasema mtu hawezi kutia sahihi kwenye kitu kama hiki na nywele zimesimama. Akaelekea ukumbini kwenye kioo. Nilitaka kumzuia, akawa ameshanipita. Nikasikia fimbo yake ikigonga, ikigonga, ikanyamaza.

"Neva. Kalenda ya zimamoto iko wapi?"

Nilikwenda. Alikuwa amesimama mbele ya picha, uso kwa uso na yeye mwenyewe.

"Nani kaitoa hii chumbani?"

"Mimi. Nilikuwa nafuta vumbi."

"Hujafuta vumbi chumba kile tangu Pasaka."

Ilikuwa kweli. Hakuwa na hasira, afadhali angekuwa na hasira. Akasema kwa sauti ya chini kwamba swali alilonong'onezewa mtu jibu lake si swali. Kwamba angejua, asingefurahi vile mbele ya mgeni kama mjinga. Kwamba nimwambie yule bwana arudi kwake na karatasi zake, na niyarudishe masanduku chini ya kitanda, yakae huko mpaka siku yake. Barazani ngazi zilikuwa zinalia. Bwana Huddle alikuwa anapanda.

Mimi si mtu wa kusema. Lakini niliyaona yale masanduku manne kwenye giza la chini ya kitanda, kisha kwenye giza jingine, na jina la Stefan juu yake milele.

"Bi Otylia," nikasema, "alipokuja huku kunawa, miwani yake ilikuwa wapi?"

Akafungua mdomo. Mkono wake ukapanda taratibu mpaka puani, pale miwani ilipokuwa imekaa.

"Ilikuwa kwangu," akasema.

"Na ulisemaje?"

Akaitazama picha. Akautazama mlango. Kicheko kilianzia mabegani, kikapanda, mpaka akashika ukuta. "Bila hii haoni hata ukuta," akasema. "Basi kaona kwa kichwa chake. Kipofu wa watu, kaona." Akainyoosha picha vizuri kwenye msumari wake, akachana nywele, akaenda kutia sahihi kwa mwandiko mkubwa uliovuka mstari.

Katalogi ilikuja Septemba. Ukurasa wa kumi na nne. Nilimsomea mimi, kwa sauti, bila kukanyaga mawe: "Mkusanyiko wa Otylia Wasko, uliokusanywa na yeye mwenyewe tangu akiwa na miaka tisa." Akaniambia nirudie. Mara ya tatu alimpigia simu Gerald, akanisogezea simu mdomoni nisome. Gerald akasema hapana budi ni kosa la wachapaji. Bi Otylia akamshauri alikatie bima hilo kosa.

Siku ya mnada tulikaa mbele ya kompyuta ya kanisa. Kadi safi zilikwenda kama Bwana Huddle alivyosema. Ya Marchbanks iliandikwa wazi kabisa: "ina busu la mmiliki". Watu wawili waliigombea, mmoja akipanda na mwingine akipanda, wengine wote wakiwa wameshanyamaza, mpaka padri akasahau kwamba alikuja kufunga mlango.

"Alipokuwa hai hakugombewa hivi," akasema Bi Otylia. Kesho yake alimpigia simu mwenye majeneza kumwambia kwamba la kawaida litamtosha.

Tangu hapo kila Ijumaa tunapokunja pierogi, zile sambusa za viazi za kuchemsha, kwenye chumba cha chini ya kanisa, anawasimulia wale kina mama. Kipofu kabisa, anasema, miwani nimeivaa mimi mwenyewe kwa macho yangu haya, na bado kaona. Wao wanatikisa vichwa kwa mshangao. Mimi nabana kingo za unga, naangalia mikono yangu.

Bi Otylia, ile miwani ilikuwa ya kusomea. Bwana Huddle haoni karibu, lakini mbali anaona mpaka Danuta. Nilijua tangu barazani, nilijua nilipoing'oa kalenda, na nilijua nilipokuuliza miwani ilikuwa wapi. Wewe hukuichagua ile nyumba ya mnada. Niliichagua mimi, pale yule mtu aliponiuliza jina langu.